Kidonda cha Paka Huponea Nyumbani

Hotuba hii ilitolewa baada ya Alasiri katika ukumbi wa nyumba ya jirani, Mji Mkongwe, Unguja, mbele ya watu wanaofuga paka. Imewekwa hapa nzima kwa ajili ya waliokosa kuhudhuria.

Wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu, na nyinyi vijana mliokaa pale kwenye ngazi, assalamu alaykum. Nawashukuru kwa kuitikia wito, maana najua wengi wenu mmeacha sufuria jikoni ili mje kunisikiliza nikizungumza habari za paka.

Kikapu hiki mnachokiona miguuni pangu hakina mboga. Ndani yake amelala paka jike wa rangi ya manjano anayeitwa Shombo. Nilimpa jina hilo kwa sababu nilimwokota kule Malindi ya hapa Unguja, kwenye diko la samaki, na harufu ya siku ile haikumtoka kwa wiki nzima. Shombo ana kidonda begani. Leo ni siku ya tisa tangu daktari wa mifugo alipolipasua jipu lake na kulisafisha. Juu ya meza ya daktari alikaa muda usiotimia saa moja. Siku zote hizi nyingine amekuwa kwangu, chumbani, chini ya macho yangu. Basi nawauliza: siku hizi tisa, nani amekuwa akimponya?

Mimi si daktari. Nilikuwa mwalimu, na sasa ni mstaafu mwenye paka wanne. Ninayoyasema leo nimeyapata kwa madaktari wa mifugo waliokuwa na subira ya kujibu maswali yangu, na jambo moja nililipata kwa msiba, ambao nitawasimulia. Daktari hufungua njia. Mwili wa paka ndio unaofanya kazi ya kupona. Sisi wenye nyumba tuna kazi ya kulinda, yaani kukilinda kidonda kwa siku kumi au kumi na nne, asubuhi na jioni, mpaka mwili umalize kazi yake. Wengi wetu tunashindwa hapo, kwa sababu kulinda kunataka utulivu, nasi tumezoea kwamba anayependa lazima aonekane akifanya jambo.

Tuanze na namna kidonda cha paka kinavyozaliwa, maana asiyekijua hawezi kukilinda. Paka shume wa mtaani anapomuuma mwenzake, meno yake marefu huingia kama sindano: hufika ndani sana na kuacha tundu dogo kabisa juu ya ngozi. Tundu hilo hufunga upesi, hata kesho yake usilione chini ya manyoya. Lakini bakteria wa kinywani wamekwisha kubaki ndani, na mlango umefungwa nyuma yao. Baada ya siku mbili, tatu, hata tano, ndipo uvimbe unapotokea, laini na wenye moto, mara nyingi shingoni, kwenye mkono wa mbele au karibu na shina la mkia. Shombo alinipa dalili kabla sijauona uvimbe wowote: alijificha chini ya kitanda, na nilipomsogezea dagaa alinusa, akageuza uso. Paka wa diko akikataa dagaa, usingoje dalili ya pili. Wala usimshike masikio ukasema hana homa, maana joto la kawaida la paka ni kati ya nyuzi 38 na 39 na kidogo, kwa hiyo paka mzima kabisa huwa na joto kuliko mkono wako.

Daktari alipolipasua jipu aliliacha tundu wazi, na jirani mmoja aliyekuja kumjulia hali Shombo alishtuka. Akaniuliza, "Mbona hakumshona? Umemlipa bure?" Ndugu zangu, hakusahau. Kidonda chenye usaha hakifungwi juu, kwa sababu kinatakiwa kijae nyama kutoka chini kuja juu. Ngozi ikiungana mapema na shimo bado liko chini yake, usaha unarudi, na safari inaanza upya. Kwa sababu hiyo, siku za mwanzo nilikuwa nachukua kitambaa safi kilicholowekwa maji ya uvuguvugu, nakiweka juu ya kidonda kwa dakika tano, mara tatu kwa siku, ili kigaga kilainike na maji ya ndani yapate pa kutokea. Nilikiacha kigaga kilegee chenyewe, sikukibandua kwa kucha. Na ilipofika siku ya nne niliona ukingoni mwa shimo kitu chekundu, chenye chembechembe, kinachong'aa kama punje za komamanga. Hiyo ndiyo nyama mpya. Mtu asiyeijua huogopa wekundu wake na kudhani kidonda kimeharibika, akaanza kukisugua, kumbe anaisugua dawa yenyewe. Tena mjue kwamba nyama hiyo kwa paka huja polepole kuliko kwa mbwa, kwa hiyo usilinganishe na mbwa wa shemeji yako.

Sasa nizungumze juu ya ulimi. Nani hapa hajapata kusikia kwamba mate ya paka ni dawa na kwamba mwache ajilambe atapona? Namwona mzee pale anatikisa kichwa. Hata mimi nililelewa na maneno hayo. Lakini mwite paka wako umtazame ulimi. Umejaa miiba midogo iliyopinda kuelekea kooni, na kwa miiba hiyo paka huchana manyoya na kukwangua nyama kwenye mfupa. Je, kitu kinachokwangua nyama kwenye mfupa kitafanya nini juu ya mshono?

Mama mmoja wa mtaani kwetu alimpeleka paka wake kufungwa kizazi. Daktari alimshona vizuri, akampa kola pana ya shingoni ya kumzuia paka asijilambe, akamwambia asiivue. Usiku wa pili paka alilia, akarudi kinyumenyume, akajigonga kwenye kabati, na mama wa watu akaingiwa na huruma. Akaivua, "kwa usiku huu tu, alale." Alfajiri nyuzi zote zilikuwa sakafuni na tumbo liko wazi. Yule paka alipona, lakini kwa upasuaji wa pili, kwa gharama ya pili, na kwa maumivu ambayo yasingekuwepo. Ile ilikuwa huruma, wala siilaumu, lakini huruma yenyewe ilitaka kuongozwa.

Kwa hiyo kola ibaki mpaka daktari atakaposema iondolewe, na kwa mshono wa kawaida ni siku kumi hadi kumi na nne. Ukikosa ya dukani, kata picha ya zamani ya eksirei au karatasi ngumu kwa umbo la pakacha la mdomo mpana, ukingo wake upite kidogo ncha ya pua, uzibe makali kwa utepe wa kitambaa, na uhakikishe vidole viwili vinapita baina yake na shingo. Kwa kidonda cha tumboni, wengine hukata mkono wa fulana ya pamba, wakatoboa matundu manne ya miguu, wakamvika kama kanzu; hiyo pia inafaa, mradi ibadilishwe ikilowa. Siku ya kwanza atajigonga. Siku ya tatu atazoea. Na kwa kuwa kola humzuia kufika kwenye bakuli, mwinulie chombo, au kiinamishe. Mnaikumbuka habari ya Abu Qatada, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake, aliyeinamisha chombo cha maji yake ya udhu ili paka anywe? Mimi kila ninapomwinamishia Shombo bakuli namkumbuka yeye.

Tena, paka mwenye kidonda haachiwi kutoka nje kuzurura. Hatoki hata dakika moja, hata akikaa mlangoni akalia mpaka majirani wakuulize umemfanya nini. Chumba kimoja, dirisha lenye wavu, na chombo cha haja kilichojazwa vipande vya gazeti badala ya mchanga, kwa sababu chembe za mchanga hunata kwenye kidonda kibichi.

Ndugu zangu, sasa nafika kwenye jambo lililoniweka mbele yenu leo.

Mwaka 2011 nilikuwa na paka dume aliyeitwa Karafuu. Alikatwa na bati mguuni, kidonda si kikubwa, nikakiosha, nikakifunga. Usiku akawa anaugulia. Mimi, mwalimu niliyesoma, nikafungua kabati la dawa, nikachukua kidonge kimoja cha paracetamol cha miligramu 500, nikakivunja katikati. Nikajiambia: mtoto mdogo hupewa, basi paka nusu itamtosha. Nikakisaga, nikakichanganya na tui, akanywa. Niliiamini nguvu ya dawa ile, naye aliniamini mimi. Baada ya saa chache uso wake ulivimba, viganja vikavimba, na nilipomfunua mdomo ufizi wake ulikuwa umegeuka rangi ya matope. Alihema kama aliyetoka mbioni. Kabla ya alfajiri alikuwa amekufa mapajani mwangu, na aliyemuua hakuwa kidonda.

Miezi mingi baadaye daktari alinieleza kilichotokea. Ini la paka halina vya kutosha kimeng'enya ambacho ini la binadamu hukitumia kuivunja paracetamol na kuitoa mwilini. Dawa hubaki, hugeuka sumu, na sumu hiyo huiharibu damu isiweze kubeba hewa, ndiyo maana ufizi hugeuka hudhurungi. Ipo dawa ya kuiondoa sumu hiyo, lakini mgonjwa lazima afike kwa daktari mapema, akiwa bado ana nguvu. Kwa paka hakuna kipimo salama cha paracetamol. Narudia, mama zangu, na nitarudia kila nitakapoalikwa: hakuna nusu, hakuna robo, hakuna tone la ile ya maji ya watoto. Vivyo hivyo diclofenac, ibuprofen na aspirini msimpe kwa kukisia. Maumivu ya paka yana dawa zake, na zinapimwa na daktari wa mifugo kwa uzito wa paka.

Na kama kabati la dawa lina hatari, kabati la usafi nalo halikosi. Ile dawa ya kuua vijidudu inayogeuka nyeupe kama maziwa ukiitia majini, mnayoijua nyote kwa harufu yake, ni sumu kwa paka, na akipakwa ataramba. Spiriti huunguza nyama mpya. Ile inayotoa povu, hydrogen peroxide, ambayo watu huifurahia kwa kuona povu likichemka, huua na chembe hai zinazojaribu kuziba shimo. Mafuta ya taa, majivu na unga wa betri havina nafasi kwenye kidonda cha kiumbe yeyote. Na unga wa kuulia viroboto ulioandikwa kwa ajili ya mbwa usiuguse kabisa, maana mwingi una permethrin, nayo humtia paka mtetemo na kifafa.

Basi tuoshee nini? Mtashangaa kwa urahisi wake. Chemsha nusu lita ya maji, tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi kilichosawazishwa kwa kisu, koroga, funika, acha yapoe mpaka ukijidondoshea kwenye kifundo cha mkono usisikie moto wala baridi, kama unavyopima maziwa ya mtoto. Tengeneza mapya kila siku. Tumia shashi, usitumie pamba, kwa sababu nyuzi za pamba hubaki ndani. Futa kutoka kwenye kidonda kwenda nje, na kila kipande kikishapita mara moja kitupwe. Mshono mkavu uliotulia hauhitaji hata hayo. Uangalie tu, usiuloweshe, usimwogeshe paka. Najua mtaniuliza habari ya asali. Madaktari huitumia, tena kwa mafanikio, kwenye vidonda vya wazi, lakini wao hutumia iliyosafishwa kwa kazi hiyo na hufunika juu yake. Ya chupa ya barabarani, iliyochanganywa na sukari na yenye miguu ya nyuki ndani, mimi siiweki kwa Shombo.

Dawa aliyoandika daktari imalizwe, hata kama paka anaruka juu ya meza siku ya tatu. Vidonge vingine, hasa doxycycline, vikikwama kooni mwa paka huunguza njia ya chakula na kuacha kovu linaloibana, kwa hiyo kila kidonge kifuatwe na maji kidogo kwa bomba la sindano lisilo na sindano, polepole, pembeni mwa mdomo.

Chakula nacho ni sehemu ya ulinzi. Paka anayepona anataka nyama na samaki, vilivyochemshwa bila kitu. Sisi watu wa pwani tunapenda kumkirimu mgonjwa kwa mchuzi, lakini kitunguu maji na kitunguu saumu huharibu damu ya paka, hata vikiwa vimepikwa. Na paka asiyekula siku nzima, daktari apelekewe habari zake, maana akikaa siku mbili tatu bila kula, hasa aliye mnene, mafuta hulivamia ini lake, na hapo unauguza magonjwa mawili.

Nzi mnawajua, sina haja ya kuwaeleza. Niseme tu kwamba katika joto letu mayai ya nzi yanaweza kuwa funza ndani ya siku moja, kwa hiyo mtazame paka kwenye mwanga asubuhi na jioni, ukitenganisha manyoya kuzunguka kidonda. Ukiona vitu vyeupe vimeshikamana kama punje ndogo sana za mchele, mpeleke siku hiyo hiyo. Msimwagie petroli. Na aliyefungwa bandeji mguuni, tazama vidole vyake kila mara: vikivimba, vikiwa baridi, au bandeji ikilowa, haiwezi kungoja tarehe ya kurudi.

Nina mambo mawili madogo kwa urefu, makubwa kwa uzito. La kwanza ni kidonda kisichopona. Jirani yangu alikuwa na paka mweupe pepe, na ncha ya sikio lake ilikuwa na kigaga kilichotoka na kurudi kwa miezi. Kila mtu alisema ni ugomvi. Daktari alipokitazama alisema ni saratani ya ngozi, inayowapata paka weupe kwa ukali wa jua, kwenye masikio na pua. Alikatwa ncha za masikio yote mawili, na alikaa na jirani yangu miaka mingi baada ya hapo akiota kivuli barazani. Mwenye paka mweupe asikizoee kigaga.

La pili ni sisi wenyewe. Paka mwenye maumivu huuma hata anayempenda, kwa hiyo mviringishe kwa taulo, uache nje sehemu ya kidonda tu, na uwe na mtu wa pili wa kumshika. Akikuuma, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, uende hospitali siku hiyo. Ikiwa kidonda cha paka kimetokana na mbwa au mnyama usiyemjua, mwambie daktari mara moja, maana kichaa cha mbwa humwingia paka pia, na dalili zikishatokea, kwa mnyama au kwa mtu, hakuna wa kumrudisha.

Nimesema vya kutosha. Shombo amechoka na kikapu. Beseni la maji na sabuni viko mlangoni. Anayetaka kutazama aoshe mikono kwanza, kisha aje mmoja mmoja, polepole, bila kunyoosha kidole. Nitatenganisha manyoya begani mwake, na kila atakayetazama aniambie anachokiona: shimo limebaki ukubwa gani, nyama ina rangi gani, ukingo umevimba au umelala, kuna harufu au hakuna. Mzee wangu, wewe uliyetikisa kichwa, naomba uanze.